Andikeni Mkiwa Bado Mnapendana

Familia nyingi za Kibera na Kawangware zimejengwa kwa neno la mdomo. Mwanamume na mwanamke wanakubaliana kuishi pamoja, godoro linahamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, na kabla ya mwezi kwisha majirani wameshazoea kumwita mwanamke huyo bibi ya fulani. Dada anafariki, na baada ya mazishi huko Siaya au Vihiga mtoto wake anapandishwa basi la usiku pamoja na shangazi, nguo zake zote zikitosha kwenye mkoba wa shule. Kodi inalipwa mlangoni, noti kwa noti, bila risiti. Na mambo huenda sawa kwa miaka mingi, kwa kuwa watu hawa wanapendana kweli na neno lao ni neno.

Ninachowaomba wasomaji wangu wa mitaa hii miwili ni kwamba neno hilo liandikwe, na liandikwe sasa, wakati hakuna ugomvi. Watu hawa nawaamini. Ninachohofia ni kifo, moto, tingatinga na shemeji anayefika na lori. Siku baba wa nyumba akianguka kutoka ghorofa ya tano kwenye mjengo wa Kilimani, hakuna ofisi itakayouliza mlipendana vipi. Wataulizia karatasi. Aliye nayo atasikizwa, asiye nayo ataambiwa akalete barua, na hiyo barua ataitafuta akiwa na kilio kifuani na watoto mgongoni.

Nianze na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye asiyeulizwa.

Tuseme unauza omena Kisumu Ndogo, na mdogo wako amefariki mashambani akaacha msichana wa miaka sita. Umesema utamlea, na kila mtu pale nyumbani amekushukuru. Wiki ile ya mazishi ndiyo wiki ya kukusanya karatasi, hata kama moyo hautaki. Jamaa wote wako pale. Naibu wa chifu amekuja kutoa rambirambi. Mwalimu wa mtoto yuko hatua chache kutoka bomani. Omba nakala ya kibali cha mazishi, kwa kuwa ndicho kitakachokusaidia kupata cheti cha kifo. Omba cheti cha kuzaliwa cha mtoto; kama hakuna, tafuta kile kijitabu cha kliniki alichopewa mamake alipojifungua, mara nyingi kiko chini ya godoro au ndani ya sanduku la nguo. Omba barua ya shule. Ukirudi Nairobi bila vitu hivi, kila kimoja kitakugharimu nauli ya kwenda na kurudi, na pengine utakuta sanduku lile limeshafunguliwa na kugawanywa.

Kisha, kabla ya kuondoka, keti na wazee mwandike kikao cha familia. Karatasi ya daftari la shule inatosha. Andikeni tarehe, nani amefariki, mtoto ni nani na amezaliwa lini, nani atamlea, baba yake yuko wapi na amesema nini, na ile sehemu ya shamba au ng'ombe wa mamake vitasimamiwa na nani mpaka mtoto akue. Kila mtu aandike jina na nambari ya kitambulisho, atie sahihi au kidole. Karatasi hii haichukui nafasi ya amri ya mahakama. Lakini ndiyo itakayomwonyesha afisa wa watoto kwamba mtoto hukumnyakua, na ndiyo itakayomnyamazisha yule mjomba atakayejitokeza miaka kumi baadaye akidai kwamba shamba lilikuwa lake siku zote.

Ukifika mtaani, jiandikishe kwa mzee wa kijiji na kwa chifu, halafu uende ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, Kibra au Dagoretti. Watu wengi wanaiogopa ofisi hii wakidhani ni ya kunyang'anya watoto. Kazi yake ni kinyume cha hayo. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inataka mtoto alelewe na jamaa zake kwanza kabla ya kufikiriwa kupelekwa kwenye makao, na serikali imeshatangaza mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka makao ya mayatima hadi kwenye familia. Wewe uliyemchukua mtoto wa mdogo wako ndiye sheria hiyo inayemtaka. Afisa anaweza kukuelekeza jinsi ya kuomba mahakama ikuteue kuwa mlezi wa kisheria. Ukiwa na amri hiyo unaweza kutia sahihi ya upasuaji hospitalini na kufuatilia haki za mtoto kwenye pensheni au ardhi ya wazazi wake bila kuambiwa, "Wewe ni nani kwake?"

Naongea sasa na mama au baba anayeugua. Hili ni gumu kulisema, lakini ukimya hugharimu watoto. Sheria inakuruhusu kumteua mlezi wa mtoto wako ukiwa hai, kwa wosia au kwa hati. Ukijua kwamba nguvu zinapungua, mwite mtu unayemtaka, muulize mbele ya mashahidi kama yuko tayari, na mwandike. Usiwaachie ndugu zako waamue siku ya matanga, kwa kuwa siku hiyo mwenye sauti kubwa ndiye hushinda, na mwenye sauti kubwa si lazima awe mwenye mkono mwema.

Na baba aliyetoroka? Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Mahakama Kuu pia iliamua kwamba sheria ya zamani iliyofanya jina la baba lisiandikwe kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa ila kwa idhini yake ilikiuka Katiba. Basi mama usikubali kuambiwa kwamba hakuna njia. Iko, na hupitia ofisi hiyo hiyo ya watoto na mahakama ya watoto.

Kuasili ni jambo zito zaidi, na nataka wanandoa wasiojaliwa mtoto walisome hili polepole. Ulezi unaweza kubadilishwa na mahakama. Kuasili kunamfanya mtoto kuwa wako kama uliyemzaa: anaandikwa kwenye sajili ya watoto walioasiliwa, anachukua jina lako, anakurithi. Ndiyo maana masharti yake ni mengi. Mwombaji awe na umri wa miaka 25 hadi 65, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Mtoto awe ametimiza wiki 6, na awe amethibitishwa na shirika la uasili lililosajiliwa kwamba anaweza kuasiliwa, yaani wazazi wamekubali bila kushinikizwa au wametafutwa wakakosekana. Mtoto hukaa nawe miezi 3 mfululizo kabla ya kesi kupelekwa mahakamani, watu wakija kuona anavyolala na anavyokula. Na hapa kuna jambo linalowashtua wengi: wanaoomba pamoja ni lazima wawe wanandoa. Mliokaa pamoja miaka 12 kwa neno la mdomo mtaulizwa cheti cha ndoa, na bila hicho safari inakwama hapo.

Kwa kuwa njia hii ni ndefu, kuna watu wa mkato. Atakuja mtu, pengine mhudumu wa kliniki au mwanamke anayejulikana mtaani, akwambie kuna msichana amejifungua na hamtaki mtoto, toa pesa kidogo tu na karatasi atazishughulikia. Tafadhali mkimbie. Novemba 2020 waandishi wa BBC Africa Eye walifichua biashara hii ya watoto wachanga hapa Nairobi, na baadhi ya watoto hao walikuwa wameibiwa kutoka kwa mama zao wanaolala mitaani. Anayenunua mtoto anahesabiwa pamoja na anayeuza, na Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 inataja kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Hata bila jela, fikiria kumlea mtoto miaka saba ukiruka kila mlango unapobishwa.

Ukiokota mtoto kando ya reli au kwenye mlango wa kanisa, huruma yako ianzie kituo cha polisi. Toa taarifa, chukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha afisa wa watoto ataamua mtoto akae wapi jamaa zake wakitafutwa. Unaweza kuomba akae kwako kwa muda, na pengine ukakubaliwa. Usiku ukikukuta hujui uende wapi, piga 116, simu ya bure ya watoto.

Ndugu zetu Waislamu, wa Makina na wa Kawangware upande wa Muslim, wamepata jambo muhimu katika sheria hii ya 2022. Imetambua kafaala. Unaweza kumlea yatima, ukamlisha, ukamsomesha na kumtetea kwa njia halali, naye akabaki na nasaba na jina la baba yake, kama dini inavyotaka. Zamani familia nyingi zilifanya haya kimyakimya kwa kuogopa kwamba sheria ingewalazimisha kuasili. Sasa hakuna haja ya kujificha.

Karatasi zikishakuwa sawa, inabaki nyumba yenyewe. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Kitanda kiko nyuma ya shuka lililotundikwa kwa waya, watoto wenu wawili wanalala kwenye kochi na mkeka chini ya meza. Mgeni atalala wapi? Swali hili liamuliwe kabla hajafika, na watoto wenyewe wakiwepo, maana wao ndio watakaosogea. Nimeona nyumba ambamo mtoto wa dada alilala karibu na mlango, palipo na baridi na maji ya mvua, si kwa ubaya wa mtu bali kwa sababu nafasi nyingine zilikuwa na wenyewe. Mtoto huyo alielewa. Watoto huelewa mambo haya upesi kuliko tunavyodhani: nani anatumwa maji kila mara, nani anavaa sare iliyofubaa, kipande cha nyama cha nani ni mfupa. Zungusheni kazi kwa zamu na muibandike zamu hiyo ukutani. Godoro la karibu na mlango nalo liwe na zamu.

Tena mwambieni mtoto ukweli wa asili yake mapema, kwa lugha ya umri wake, hata akiwa na miaka minne. Kwenye ploti zetu ukuta ni bati na siri haikai. Usipomwambia, ataambiwa kwenye foleni ya maji, siku wanawake wawili wamekosana juu ya mtungi, na mmoja akatafuta neno la kumchoma mwenzake akasema, "Kwanza huyo si mtoto wako, ulimwokota." Mtoto aliyekwisha kuambiwa na mamake atalia, lakini atarudi nyumbani kuuliza. Ambaye hakuambiwa hajui arudi wapi.

Sasa ndoa.

Mnamo tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ambayo wote wanaoishi pamoja bila cheti wanapaswa kuijua, na ilihusu kiwanja cha Dagoretti, kwa majirani wetu. Mwanamume alisema yeye na mwanamke mmoja walianza kuishi kama mume na mke mwaka 1986, wakasaidiana kununua kiwanja kilichoandikwa kwa jina la mwanamke. Walipotengana, mwanamke akasema hapakuwa na ndoa, na kwamba yeye alikuwa na ndoa nyingine. Kesi ilipita mahakama tatu. Ya mwisho ikasema kwamba kukaa pamoja kwa miaka mingi hakutoshi kuhesabiwa ndoa. Ni lazima, pamoja na mambo mengine, wote wawili wawe walikuwa na haki ya kuoana na nia ya kuoana. Majaji walisema wazi kwamba dhana ya ndoa ya kudhaniwa inafifia na itumike kwa nadra sana. Mali ikagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja: mwanamke asilimia 70, mwanamume 30.

Angalia kwamba aliyeumia hapo alikuwa mwanamume. Nasema hivi kwa kuwa wanaume wengi hufikiri suala la cheti ni la kuwabembeleza wanawake.

Siku hiyo hiyo mahakama hiyo iliamua kesi nyingine, kwamba hata walio na ndoa kamili hawagawanyi mali nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango. Mama anayebaki nyumbani na watoto amechangia. Lakini mchango usioandikwa popote huwa mgumu kuuonyesha.

Najua kinachowazuia wengi: mahari haijaisha. Mwanamume anaona aibu kwenda kusajili ndoa wakati wakwe bado wanadai ng'ombe wanne, na mwanamke anaona si heshima kuomba cheti kabla ya wazee kumaliza yao. Basi wote wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo iliyotolewa kama ishara inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Deni la ng'ombe linabaki kati yenu na wazee, na mlilipe kwa heshima, lakini halizuii usajili. Ndoa za kimila zimekuwa zikisajiliwa na serikali tangu Agosti 2017, maombi yanafanyika kupitia eCitizen, na ukihitaji kumwona mtu, ofisi ya msajili iko Sheria House, Harambee Avenue. Ndoa ya kiserikali inahitaji ilani ya siku 21. Hakuna anayehitaji gauni wala gari lililopambwa. Wawili wanaweza kwenda na mashahidi wao asubuhi na kurudi kazini saa nane.

Kwa nini nalisisitiza hili kwa watu wanaoishi chumba cha kukodi, wasio na kiwanja cha kugombania? Kwa sababu ya mazishi. Nairobi tunaishi, lakini wengi wetu huzikwa mashambani, na mochari ndipo swali la mke huulizwa kwa mara ya kwanza kwa ukali. Mwanamke aliyekaa na bwana miaka tisa Gatina anaambiwa na ndugu za marehemu kwamba wao hawamjui. Mwili unaondoka bila yeye. Akirudi nyumbani anakuta televisheni, kitanda na mtungi wa gesi vimepakiwa. Mimi naona huu ni ukatili, na wanaoufanya huwa hawajioni wakatili. Wanasema wanalinda mali ya ndugu yao. Cheti cha ndoa hakiwazuii watu kuwa na tamaa. Kinampa mjane mahali pa kusimama akizungumza nao, na kinampa chifu kitu cha kusoma.

Kabla cheti hakijapatikana, yapo mambo ya kufanya wiki hii. Jaza jina la mwenzi na watoto kwenye fomu ya NSSF na ya chama chako. Andika ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi wawili, unaosema ninaishi na nani, watoto wetu ni hawa, pamoja na huyu niliyemchukua kuwa wangu, na vitu vya nyumba ni vya nani. Sheria ya Urithi inamtambua kuwa tegemezi hata mtoto ambaye marehemu alimchukua katika familia kama wake, mradi alikuwa akimtunza hadi alipofariki. Ukurasa huo ni ushahidi wa hayo.

Mkinunua nyumba ya mabati Kibera, kumbukeni kwamba ardhi nyingi pale ni ya serikali. Ekari 288 ndizo ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hati yake mwaka 2017. Unachonunua kwa mwenye banda ni mabati, nguzo na makubaliano. Basi yale makubaliano ndiyo mali yenyewe. Yaandikwe majina ya wote wawili, mashahidi watoke pande zote, na mpige picha nyumba ikiwa imesimama. Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, picha na karatasi ndivyo vitu pekee ambavyo vingeweza kumwonyesha mtu kwamba palikuwa na nyumba na ilikuwa yake.

Jinsi ya kuanza mazungumzo haya bila kuwasha moto ndani ya nyumba, hilo naulizwa sana. Usianze siku ya ugomvi wala siku ya mshahara. Subiri jioni tulivu, watoto wameshiba. Mama anaweza kusema: "Baba watoto, Jumapili tukae kidogo. Umeona yale yaliyompata jirani, hadi masufuria yamebebwa. Sitaki watoto wetu waone hayo." Atajibu pengine: "Kwani unataka nife?" Naye amwambie: "Nataka uishi. Lakini naweza kutangulia mimi, na dada zangu watakuja kuuliza. Tuandike yako na yangu." Anayeanza kwa kuandika ya kwake huonekana hana njama. Baba naye akitaka kulianzisha, alete kalamu na aanze na vitu vyake.

Pesa ndizo huzua ugomvi wa kila siku, ingawa mimi nazipa nafasi ya tatu. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu wa kibarua wanalihitaji daftari kuliko wenye mshahara, kwa kuwa pesa zao huingia kama mvua ya vipindi. Ushauri mwingi wa bajeti umeandikiwa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Nyumba ya mama anayefua Lavington na baba anayesubiri kazi ya mjengo haiwezi kupanga hivyo. Panga kwa siku ya kazi. Tuseme chumba ni shilingi 4,000, na kwa wastani nyumba yenu hupata kibarua siku 16 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 250 za kodi kutoka kila siku ya kazi, na zitoke jioni hiyo hiyo kabla sufuria halijatiwa motoni. Mtumie keateka au mwenye nyumba kwa M-Pesa, hata kidogo kidogo, ili ujumbe uwe risiti. Wengi hukubali wakielezwa mapema. Wanachochoka nacho ni visingizio vya tarehe kumi.

Hesabu ya namna hiyo hiyo inafaa kwa matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA ndiyo imechukua nafasi ya NHIF, na kwa wasio na ajira ya mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kikilipwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Zikitajwa mara moja zinatisha. Shilingi 10 kila siku ndani ya mkebe uliofungwa zinazitimiza kwa mwaka. Kujiandikisha ni kwa *147#, na hakikisha watoto wote wameingizwa, hata yule wa dada. Kukosa cheti cha kuzaliwa ndiko huwaacha wengi nje.

Kuhusu mikopo ya simu, kanuni yangu ni moja: kopa kwa ajili ya kitu kitakachouzwa. Belo la mitumba la kupeleka soko la Toi linaweza kujilipa. Chakula cha jioni hakijilipi. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, imewaokoa wengi dirishani pa duka la dawa, lakini ada zake huongezeka siku kwa siku, na nyumba inayofuliza kila jioni inakula chakula cha kesho. Hustler Fund ya serikali, iliyoanza Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, basi kama ni lazima ukope, linganisha kwanza. Bwana na bibi waambiane kila deni lililo kwenye simu. Deni la siri huumiza ndoa kuliko deni lenyewe, na kamari ya siri zaidi.

Kununua kwa kupima, mafuta ya shilingi 20 na sukari ya 10, ndiyo bei ya juu kuliko zote mjini. Wanawake wanne wa ploti moja wakichanga wanunue mtungi wa lita 20 wa mafuta kwenye maduka ya jumla ya Kawangware na kugawana kwa chupa, kila mmoja anabaki na pesa. Chama kinaweza kuanzia hapo. Kikifika watu 10 mnaweza kukisajili kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022. Na kitabu chenu kiwe na safu moja ambayo vyama vingi husahau: mwanachama akifariki, akiba yake apewe nani.

Karatasi hizi zote ziwekeni kwenye faili ya plastiki inayofungwa, itundikwe kwenye msumari karibu na mlango, si chini ya kitanda. Moto wa mabati hautoi dakika tano. Kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka minane, ajue kwamba wakikimbia, faili inatoka nao. Nakala zikae kwa ndugu wa mtaa mwingine: wa Kibera kwa mtu wa Kawangware, na wa Kawangware kwa mtu wa Kibera. Piga picha uzitume kwa simu ya mtu unayemwamini. Nambari ya siri ya M-Pesa usiiandike humo. Andika tu pesa ziko wapi.

Wako watu wa kusaidia bila malipo. FIDA Kenya huwasimamia wanawake na watoto, na ofisi yake ya Nairobi iko Lavington, mwendo wa miguu kutoka Kawangware. Kituo Cha Sheria kimewatetea wasio na uwezo tangu miaka ya 1970. Pale mazungumzo ya karatasi yanapoleta kipigo au tishio, acha karatasi, chukua watoto utoke, na upige 1195, simu ya bure ya wanaodhulumiwa kijinsia.

Na ikiwa mwenzako si mkatili ila anakataa tu kuandika, akisema mapenzi hayahitaji sahihi, usimshurutishe na usingoje. Weka kumbukumbu zako. Lipa karo na kodi kwa njia inayoacha alama. Hifadhi risiti za mabati na za saruji kwa jina lako. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita, uiweke kwenye faili, na ufanye hivyo kila baada ya miezi sita. Akikuuliza unafanya nini, mwambie ukweli, na umwachie nafasi kwenye faili hiyo ya kuweka zake.